Hadi Sebene Bila Kukata Pumzi: Usiku Wangu wa Kwanza na HX Stomp XL

Nimekanyaga. Sauti imegeuka. Na mwangwi wa noti ya mwisho ya ubeti bado unaelea, unamalizia safari yake taratibu, huku vidole vyangu vimeshazama kwenye sebene! Nikarudi nyuma, nikakanyaga tena. Na tena. Juzi usiku nilifanya hivyo mara 20 mfululizo, peke yangu sebuleni, nikicheka kama mtoto aliyenunuliwa filimbi ya sikukuu.

Kifaa chenyewe ni HX Stomp XL, prosesa ya gitaa, kazi ya Line 6, kampuni ya Kimarekani iliyo chini ya Yamaha. Sokoni si mgeni, kilitoka mwaka 2021. Kwangu ndiyo kwanza kimefika, kwa hiyo haya ni maneno ya mtu ambaye bado hajalala vizuri. Nisameheni mapema.

Anayepiga solo kwenye rumba anaijua shida yangu. Wimbo unaanza polepole, gitaa safi, linabembeleza chini ya mwimbaji. Mara ngoma zinatoa ile ishara, wimbo unachemka, ndiyo sebene hiyo, na solo linatakiwa liruke juu ya bendi nzima: liwe kali zaidi, liwe na mwangwi, lipande sauti kidogo. Yote hayo kwa pigo moja! Kwa pedali za kawaida hizo ni swichi tatu, na mguu wa kukanyagia ni mmoja. Nilikuwa na mashine ya zamani, jina nalihifadhi, iliyobadilisha yote kwa mkanyago mmoja, ila kila mara ilikaa kimya kwanza kama karani anayetafuta faili. Na kimya hicho kiliangukia pale pale sebene linapoanza. Mpiga ngoma wetu alikuwa akinitazama tu, hasemi kitu. Afadhali angetukana.

Siri iko hapa. Kila priseti ni mlolongo kamili wa ampu, spika na efekti. Ukiruka kutoka priseti moja hadi nyingine, prosesa inashusha mzigo wote na kupakia mwingine. Hapo ndipo pengo linapozaliwa, na mwangwi uliokuwa ukilia unakatwa katikati. Mwaka 2016 Line 6 walileta dawa kwenye Helix, kaka mkubwa wa kifaa hiki, wakaiita snapshoti. Humo hakipakuliwi kitu. Mlolongo ni ule ule. Kinachobadilika ni kipi kimewashwa, kipi kimezimwa, na kila kipimo kimesimama wapi. Sufuria haitoki jikoni, unachochea moto tu.

XL inakupa snapshoti 4 ndani ya kila priseti, swichi 8 zenye pete za taa za rangi, na nafasi ya bloku 8, yaani vipande 8 vya kupanga kwenye mlolongo. Mimi nilianza na ampu inayoitwa Jazz Rivet 120, iliyoigwa kutoka Roland JC-120, ile ampu maarufu kwa usafi wa sauti na korasi yake. Nilipopiga kodi ya kwanza niliketi chini. Kweli, niliketi!

Snapshoti ya 1 nikaiacha ya ubeti: kompresa kidogo, riverbu kidogo. Ya 2 ikawa ya sebene: mwangwi wa milisekunde 380, noti za juu zimeng'arishwa, sauti imepanda desibeli 2. Ya 3 nikaipa korasi kwa ajili ya mi-solo, lile gitaa la kati ya solo na ridhimu. Ya 4 ni distoshani, kwa zile nyimbo ambazo mwimbaji anataka kupiga kelele nasi tunamfuata.

Na namna ya kuvipanga vyote hivyo ni tamu! Unabonyeza kitufe cha kuzungusha kilicho chini ya skrini, unakizungusha kikiwa bado kimebonyezwa, basi: kipimo hicho kimeshaingia kwenye snapshoti, nacho kinatokea ndani ya mabano. Sikufungua kitabu cha maelekezo.

Sasa nivute pumzi, niseme na ya kuangalia. Bloku 8 huisha haraka kuliko unavyodhani. Snapshoti haibadilishi aina ya ampu. Ukitaka ampu mbili, itabidi zote mbili zikae kwenye mlolongo, na bloku mbili zimeondoka. Kwenye bloku ya mwangwi washa chaguo la Trails, la sivyo ukiizima mkia wake unakatika. Ukihamia priseti nyingine kabisa, pengo dogo linarudi, hivyo panga wimbo mmoja kwa priseti moja na ubadilishe mkizungumza na mashabiki. Tena hifadhi kazi yako kabla hujaanza kucheza na vipimo. Mimi nilipoteza sebene langu la kwanza kwa uzembe wangu mwenyewe.

La mwisho ndilo zito kuliko yote: sawazisha sauti za snapshoti kwa kelele ya jukwaani, si ya chumbani. Kwa sauti ndogo sikio haliisikii besi vizuri, kwa hiyo ulichokipamba usiku wa manane kitakuja kuvuma kama ngurumo mkiwa na bendi. Na distoshani, iliyoonekana jitu kubwa ukiwa peke yako, itamezwa na matoazi.

Kwa hiyo hukumu yangu kamili bado. Kesho jioni ni mazoezi. Nimeshachagua wimbo, nimeshajua ni pigo gani nitakanyaga, na mpiga ngoma hajaambiwa lolote. Nataka nimwone uso wake pale atakapokisubiri kile kimya, na kisije.