Injini Inayodhani Kuna Baridi

Pikipiki inayokula mafuta haijifichi. Ukifungua plagi unakuta masizi meusi, makavu. Egzosi inatoa moshi wenye harufu ya petroli mbichi, na mafuta yaliyokuwa yakitosha kwenda Nyamisati na kurudi Kibiti sasa yanaisha njiani. Dereva yeyote anaweza kukwambia kwamba inakula. Kazi ya fundi ni kusema kwa nini.

Kwenye kabureta, ambayo bodaboda nyingi za huku bado zinaitumia, majibu yapo karibu: ea klina imejaa vumbi, chok imeganda, boya limechoka, sindano imelika. Pikipiki ya injekta haina skrubu ya kugeuza huku unasikiliza mngurumo. Kompyuta ndogo inapokea habari za hewa, joto na mkono wa mafuta, kisha inaamua injekta ifunguke kwa milisekunde ngapi, ili kila gramu 1 ya petroli ikutane na gramu 14.7 hivi za hewa. Yenyewe haioni kitu. Inaamini inachoambiwa na sensa, kama hakimu aliyefungiwa chumbani na kusomewa ushahidi kupitia dirisha. Basi fundi makini huanza kwa kuuliza ni shahidi gani anayedanganya.

Kabla ya spana huja maswali.

“Ikilala usiku kucha, asubuhi inawaka?”

“Mara moja tu, fundi.”

“Na ikishapata moto?”

“Hapo ndo inaanza kukohoa, kaka.”

Majibu hayo mawili yana uzito kuliko kelele zote za injini. Injini baridi huhitaji petroli ya ziada, na ikipata moto ziada hiyo huondolewa. Pikipiki inayowaka vizuri alfajiri na kusumbua mchana inaelekea kuwa haijaambiwa kwamba imepata moto.

Taa ya injini kwenye dashibodi husaidia. Kwenye Honda nyingi za injekta, ikipepesa mara 7 inamaanisha hitilafu kwenye mzunguko wa sensa ya joto la injini. Lakini taa hushika waya uliokatika au ulioshoti, na kasoro ndogo huipita. Huku kwenye delta ya Rufiji kasoro ndogo ndizo nyingi. Hewa ya mikokoni ina chumvi, pikipiki hupandishwa kwenye boti, na mafuriko ya 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti yaliingiza maji hata kwenye nyumba, sembuse soketi za waya.

Ukinzani wa sensa ya joto hushuka kadiri injini inavyochemka: kutoka omu elfu mbili au tatu ikiwa imelala hadi omu mia chache ikiwa ya moto. Kutu ya kijani kwenye soketi huongeza ukinzani wake juu ya ule wa sensa. Kompyuta hujumlisha vyote viwili na kusoma baridi. Injini iliyochemka kwa jua la saa saba la Kibiti inalishwa kana kwamba imeamka kwenye baridi ya Makete, na taa haijawaka.

Hapa ndipo ninapompenda fundi mwenye subira. Anachomoa betri, anapima sensa kwa tesa pale ilipo, halafu anakwenda mwisho wa waya, kwenye soketi ya kompyuta, na kupima tena. Namba mbili zikilingana, anaachana na njia hiyo. Zikitofautiana, ugonjwa umo katikati, ndani ya waya au soketi, na sensa mpya isingesaidia kitu.

Akikosa hapo, anasogea kwa mpangilio. Anatafuta ufa wa egzosi ulio kabla ya sensa ya oksijeni, kwani hewa ikivutwa ndani sensa huripoti petroli kidogo na kompyuta huongeza. Anakagua kimpira cha sensa ya mgandamizo wa hewa, maana kikivuja kompyuta hudhani injini imebeba mzigo. Anapima presha ya pampu, ambayo kwa pikipiki nyingi ndogo ni bar 3 hivi, kisha anatazama kama injekta inadondosha. Ea klina anaisafisha pia, ila haitegemei sana. Kwenye mifumo mingi ya aina hii sensa ya mgandamizo iko baada yake, hivyo hewa ikipungua petroli nayo hupunguzwa.

Mwisho anachomoa kijiti cha oili na kunusa. Petroli iliyozidi huosha ukuta wa silinda na kushuka kwenye oili, hivyo asiyebadilisha oili ametibu nusu.

Mteja akiona soketi imesuguliwa tu na kupakwa grisi, hulalamikia bei: “Mbona hujabadilisha kitu?” Swali hilo ndilo linalowasukuma mafundi wengine kuuza sensa ambazo hazikuhitajika. Vipimo vina bei yake. Tukikataa kuilipa, tutailipa dukani, na pikipiki itaendelea kula.