Makiyaji, Kazi ya Mkono

Mtu akilisikia neno la Kifaransa *maquillage*, nasi tuliandike makiyaji, huwaza hariri, manukato na kioo cha bibi tajiri wa Paris. Kumbe neno hili halikuzaliwa huko. Lilishuka kutoka Picardie, kaskazini mwa Ufaransa, ambako watu walikuwa na kitenzi *maquier*, yaani kufanya, walichokipata kwa majirani zao Waholanzi waliosema *maken*. Katika karne ya 15 wahalifu walikuwa nacho katika lugha yao ya siri, *maquiller*, kwa maana ya kufanya kazi. Kwa kuwa kazi yao ilikuwa wizi, kitenzi kikaelekea huko huko: kuiba, kisha kuchezea karata ili kumpunja mwenzako. Hata leo gari la wizi likibadilishwa rangi na namba, Mfaransa hutumia kitenzi hicho hicho. Ilipofika karibu mwaka 1840 waigizaji wa jukwaani walikuwa wamekwisha kukichukua kwa ajili ya nyuso zao.

Wako wanaoishika historia hiyo kama ushahidi kwamba kujipodoa ni udanganyifu. Naona wameishia njiani. Wangechimba zaidi wangekuta, chini ya wizi, neno kazi.

Mshairi Mfaransa Baudelaire aliutetea upodoaji katika sura mahususi ya insha yake kuhusu mchoraji wa maisha ya kisasa, iliyochapishwa mwaka 1863. Alishikilia kwamba poda ya mchele, wanja na wekundu wa mashavuni havina sababu ya kujificha wala kuiga maumbile. Namuunga mkono kwa moyo wote. Ila yeye aliutazama uso uliokwisha kukamilika, nami navutiwa zaidi na mkono unaoukamilisha.

Mkono huo ulilipiwa gharama kubwa. Kwa karne nyingi weupe wa usoni ulitokana na madini ya risasi, sumu iliyopenya ngozi na kuharibu afya. Ludwig Leichner, mwimbaji wa opera wa Ujerumani aliyeijua kemia, ndiye aliyeanza mwaka 1873 kuuza rangi za mafuta za jukwaani zisizo na risasi. Aliyewaokoa waigizaji alikuwa mwenzao, mtu aliyepaka uso wake mwenyewe kila usiku wa onyesho.

Na kazi yenyewe ina elimu yake. Taa za jukwaa huusawazisha uso, pua na mashavu yakapotea machoni pa aliyeketi kiti cha nyuma kabisa. Basi mpodoaji huurudishia uso mabonde na vilima: rangi nyeusinyeusi pale nyama inapobonyea, nyepesi juu ya mfupa, kisha poda ili jasho lisivuruge kitu. Akitakiwa kumzeesha kijana, hachori makunyanzi anapopenda. Humwambia akunje uso, atabasamu, akaze macho, na kila mkunjo unapojitokeza ndipo brashi inapopita, mstari wa giza na kando yake mstari wa mwanga. Kisha husogea nyuma hatua kadhaa na kumwomba azungumze. Mistari ikitembea pamoja na maneno, uzee umekubali. Ikibaki imesimama huku mdomo unakwenda, huifuta yote na kuanza upya.