Waebrania 11: Sura Tunayoisoma Nusu

Washarika wengi huiita sura ya 11 ya Waraka kwa Waebrania "sura ya imani". Inasomwa kwenye semina za Neno, kwenye mikesha, katika ibada za jumuiya na hata siku ya harambee ya ujenzi. Watoto wa Shule ya Jumapili huwataja mashujaa wake kwa majina kabla hawajajua sura yenyewe iko wapi katika Biblia. Lakini fuatilia namna inavyohubiriwa. Mara nyingi msomaji husimama mwanzoni mwa mstari wa 35, mara tu baada ya simba kufungwa vinywa, moto kuzimwa, na wanawake kurudishiwa wafu wao wakiwa hai. Hapo Biblia hufungwa, na watu huulizwa wanataka Mungu awatendee nini leo.

Makala hii inahoji usomaji huo. Mwandishi wa waraka hakuishia hapo. Aliendelea, tena ndani ya mstari uleule, na yale aliyoendelea kuyasema ndiyo yanayotuambia imani ni kitu gani. Tukimkatisha katikati, tunabaki na imani ya aina nyingine, na imani hiyo imewaumiza watu wengi miongoni mwetu.

Tuanze na mpangilio wa sura yenyewe. Ina mistari 40. Mwandishi anatumia mbinu ambayo masikio yetu yanaifahamu tangu utotoni, yaani kibwagizo. "Kwa imani" Habili, "kwa imani" Henoko, "kwa imani" Nuhu, na kuendelea. Kwa kawaida kibwagizo hutufanya tutarajie jambo lilelile lirudi. Tukisikia "kwa imani" mara ya kwanza na mtu akafanikiwa, tutangoja wa pili naye afanikiwe. Sasa tazama mwandishi anaanza na nani. Wa kwanza ni Habili, aliyemtolea Mungu dhabihu iliyokubaliwa, na kwa sababu hiyohiyo akauawa na ndugu yake. Wa pili ni Henoko, aliyempendeza Mungu, akahamishwa asione mauti. Wawili hawa wamewekwa bega kwa bega, chini ya kibwagizo kimoja. Mmoja alikufa mapema kuliko wanadamu wote. Mwingine hakufa kabisa. Mwandishi hasemi kwamba imani ya Henoko ilikuwa kubwa kuliko ya Habili. Tangu mwanzo anatuzuia tusiipime imani ya mtu kwa kuangalia yaliyompata.

Kisha anakuja Ibrahimu, ambaye jina lake hutajwa sana panapohubiriwa baraka. Ndiyo, alipewa ahadi ya nchi. Lakini sura inasisitiza kwamba katika nchi hiyo aliishi hemani, kama mgeni. Ukirudi Mwanzo 23 utamkuta akiwa mjane, anabembeleza wenyeji wamuuzie mahali pa kumzika Sara. Alilipa shekeli 400 za fedha kwa shamba lenye pango. Mtu aliyeahidiwa nchi nzima alianza kumiliki ardhi yake kwa kununua kaburi. Baada ya kumtaja yeye na Sara, mwandishi anasimamisha kibwagizo kidogo na kusema wazi, katika mstari wa 13, kwamba hao wote walikufa bila kuyapokea waliyoahidiwa. Waliyaona kwa mbali tu. Mhubiri anayemtaja Ibrahimu bila mstari huu anatusimulia Ibrahimu wake mwenyewe.

Tufike sasa kwenye mstari wa 35. Nusu yake ya kwanza ni furaha: wanawake wanawapokea wapendwa wao waliokuwa wamekufa. Nusu ya pili inaanza kuwataja wengine, nao waliteswa. Hakuna sura mpya hapo. Hakuna hata aya mpya katika maandishi ya kale, maana sura na mistari ni mambo yaliyowekwa karne nyingi baadaye. Mwandishi anapita kutoka kwa waliofufuliwa hadi kwa walioteswa kwa pumzi moja. Upande huu wako waliodhihakiwa, waliopigwa, waliofungwa, waliokatwa kwa misumeno, na waliotangatanga majangwani wakivaa ngozi za kondoo.

Jambo moja katika orodha hiyo halipaswi kupita bila kuonwa. Mstari wa 34 unawataja waliookoka upanga. Mstari wa 37 unawataja waliouawa kwa upanga. Silaha ni ileile na imani ni ileile. Agano la Kale lina kisa kinachotusaidia kuelewa. Katika Yeremia 26 wako manabii wawili waliotoa ujumbe unaofanana wakati wa mfalme Yehoyakimu. Yeremia alipata mtetezi, Ahikamu, akaokoka. Uria alikimbilia Misri, akafuatwa, akarudishwa, akauawa kwa upanga. Nani kati yetu atathubutu kusimama mbele ya mjane wa Uria amwambie kwamba mumewe alikuwa na imani haba?

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mstari wa 34 unazungumzia watu waliozima nguvu za moto, na akili zetu zinakwenda kwa Shadraka, Meshaki na Abednego. Lakini Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, vijana wa jumba la Kabaka, Waanglikana na Wakatoliki, walichomwa moto na moto haukuzimika. Kila mwaka mahujaji kutoka Tanzania, Kenya na kwingineko huenda pale kuwakumbuka. Tunawaita Mashahidi wa Uganda. Kiswahili kimetupa hapa neno zuri: shahidi ni mtu atoaye ushuhuda, na shahidi pia ni mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani. Lakini Jumapili ya ushuhuda katika sharika zetu, ni shahidi gani tunayempa kipaza sauti? Anaitwa aliyepata kazi, aliyepona, aliyepata viza, aliyefaulu mtihani. Ni vema tumshukuru Mungu pamoja naye. Lakini yule mama aliyemwombea mtoto wake miezi minane, akamzika, na Jumapili iliyofuata akaja ibadani na kuimba, haitwi. Tunadhani hana ushuhuda. Kwa mujibu wa Waebrania 11 anao, nao umeandikwa katika nusu ya sura tunayoiacha.

Madhara ya kuiacha yanaonekana. Mgonjwa anapoambiwa kwamba hajapona kwa sababu hakuamini vya kutosha, anabebeshwa mizigo miwili: ugonjwa, na hatia ya ugonjwa. Wapo wanaoacha dawa ili kuthibitisha kwamba wameamini. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walipoteza maisha mjini Moshi, uwanja wa Majengo, kwenye mkutano wa injili, umati uliposukumana ili kuwahi kukanyaga mafuta ya upako. Marehemu wale tusiwahukumu. Walikuwa watu kama sisi, wenye wagonjwa nyumbani na ada za kulipa. Linalopaswa kuhukumiwa ni fundisho linaloifanya imani kuwa kitu cha kugombania, ambacho anayewahi anakipata na anayechelewa anakikosa.

Labda msomaji atauliza: je, Biblia haisemi pia kwamba Mungu huwapa thawabu wamtafutao? Inasema, na ni sura hiihii, mstari wa 6. Je, Bwana Yesu hakuwaambia baadhi ya waliopona kwamba imani yao ndiyo iliyowaponya? Aliwaambia. Kwa hiyo si haki kuisoma nusu ya pili peke yake na kuwafanya Wakristo waone aibu kuomba uponyaji. Nusu ya kwanza ni kweli. Simba walifungwa vinywa. Wapo miongoni mwetu walioponywa, na wanajua. Ninachokataa ni kuligeuza jambo ambalo Mungu hulitoa kwa hiari yake kuwa kanuni ya biashara: weka hiki, chukua kile. Wale vijana watatu wa Danieli 3 walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza kwamba hata asipowaokoa hawataiabudu sanamu. Maneno hayo waliyasema kabla ya kuingia tanuruni. Imani yao ilikuwa imekamilika kabla muujiza haujatokea.

Basi imani hiyo ni nini? Lugha yetu inaweza kutusaidia kuliko tunavyodhani. Amini, imani, amana na amani ni maneno ya shina moja la Kiarabu, na ile Amina tunayomalizia sala ni ndugu yao kupitia Kiebrania. Amana ni mali uliyokabidhiwa na mwenzako uitunze mpaka atakapoirudia. Anayeitunza huitwa mwaminifu. Katika Kiyunani cha Agano Jipya neno ni moja tu: lile linalotafsiriwa "imani" katika Waebrania 11 ndilo linalotafsiriwa "uaminifu" katika tunda la Roho, Wagalatia 5:22. Tumezoea kuyatenganisha mawili haya, tukafanya imani kuwa ya madhabahuni na uaminifu kuwa wa dukani.

Kiswahili kina maana nyingine tena. Mtu katili tunasema hana imani. Aliyemhurumia mwenziwe tunasema amemwonea imani. Mswahili asiyejua theolojia yoyote anajua kwamba mtu mwenye imani ni mtu mwenye huruma. Hii ni maana ya lugha yetu, na sidai kwamba mwandishi wa Waebrania aliijua. Lakini angalia sura ya imani imekaa katikati ya nini. Katika sura ya 10, mistari ya 32 hadi 34, mwandishi anawakumbusha wasomaji wake kwamba waliwahurumia wafungwa, na kwamba waliponyang'anywa mali zao walivumilia kwa furaha. Katika sura ya 13, mara tu anapoingia kwenye maagizo ya maisha ya kila siku, anaanza na upendano wa ndugu, kuwakaribisha wageni, kuwakumbuka waliofungwa, kuiheshimu ndoa, na kutopenda fedha. Sura ya 11 imefungwa katikati ya hayo, kama ukuta ulioegemea nguzo mbili. Waandikiwa walikuwa watu waliopoteza mali kwa sababu ya imani, na waraka unawatia moyo waendelee kumhurumia mfungwa na mgeni. Kuichukua sura hii na kuitumia kama njia ya kupata mali ni kuing'oa mahali pake.

Tukiisoma yote, tutaiona imani mahali ambapo hatukuwa tukiitafuta. Mweka hazina wa kikundi cha akina mama, ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na sanduku la kikundi liko chini ya kitanda chake, halifungui. Fundi anachanganya saruji kwa kipimo walichopatana, ingawa mwenye nyumba yuko safarini na plasta itaficha kila kitu. Muuguzi wa zamu ya usiku anaamka kumgeuza mgonjwa asiye na ndugu wa kumletea hata uji. Mama mwenye kisukari anasali asubuhi, anachoma sindano yake, na haoni kwamba kimoja kinakidharau kingine. Mume ambaye mkewe amelala kitandani mwaka wa nne baada ya kiharusi anamwosha kila siku. Wote hawa wanashikilia amana. Hakuna anayeweza kuwaona kila wakati, na wengi wao hawajajibiwa lile waliloliomba. Mtu wa namna hii akitajwa katika ibada, hakuna anayepiga vigelegele. Hata hivyo tukiisoma sura kwa mtindo wake yenyewe, kila mmoja wao anastahili kuanzwa kwa "kwa imani".

Mistari miwili ya mwisho, wa 39 na wa 40, inasema jambo la kushangaza: mashujaa wote hao, waliookoka na waliouawa, hawajakamilishwa bila sisi. Habili anatungoja. Uria anatungoja. Sura yenye majina makubwa namna ile imeachwa wazi mwishoni, na nafasi iliyobaki ni yetu sisi tunaokwenda sokoni, kazini na hospitali.

Kwa hiyo ninatoa pendekezo dogo kwa wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa. Siku mtakapoipanga tena Waebrania 11 katika ibada, ipangeni mpaka mstari wa 40. Na ikiwa kuna nafasi ya ushuhuda siku hiyo, watu wawili wasimame. Wa kwanza awe yule aliyepokea alichoomba. Wa pili awe yule ambaye hakupokea, lakini bado yuko nasi. Tuwasikilize wote wawili, na baada ya kila mmoja tuitikie Amina ileile.