Hesabu Iliyoipeleka Kongo Guadalajara

Alhamisi ya tarehe 20 Novemba 2025 ilikuwa siku ya giza la mwezi, na giza hilo ndilo wavuvi wa omena hapa kisiwani Mfangano hulisubiri. Alasiri ile, FIFA ilipokuwa ikiendesha droo ya mchujo wa mabara mjini Zurich, banda la mpira pale Sena lilikuwa karibu tupu. Wenye mitumbwi walikuwa wakichaji taa na kukagua nyavu. Aliyenisimamisha njiani ni mzee mmoja aliyebeba injini begani.

"Mwalimu, Kongo wamepewa nani?"

Nikamwambia wamepewa New Caledonia au Jamaica. Mzee akaitua injini.

"Au? Hiyo timu inayoitwa 'au' inatoka wapi?"

Nilicheka, lakini usiku nililala nikilifikiria swali lake. Ukiuliza jinsi DR Kongo walivyofika kwenye hiyo "au", utagundua kwamba mipira iliyochotwa Zurich ilifanya kazi ndogo sana. Kazi kubwa ilifanywa na mizani, na mizani yenyewe ilibadilishwa njiani zaidi ya mara moja.

Mizani ya kwanza ilikuwa pointi. Afrika iligawanywa katika makundi 9. Kinara wa kila kundi alikwenda moja kwa moja Kombe la Dunia la 2026, na washindi wa pili 4 walio bora wakapelekwa kwenye mchujo. Ugumu ukaja kwenye neno "bora". Eritrea ilijitoa kabla ya kucheza hata mechi moja katika Kundi E, lile la Morocco na Tanzania, kundi likabaki na timu 5 wakati mengine yana 6. Ili kusawazisha, kila mshindi wa pili wa kundi la timu 6 alifutiwa matokeo yake dhidi ya timu iliyoshika mkia.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka kichwa chini. Nigeria walikuwa wametoka sare na Zimbabwe mara mbili, matokeo ya aibu kwa timu yenye Victor Osimhen. Zimbabwe wakamaliza mkiani, sare zile zikafutwa, na Nigeria wakapoteza pointi 2 tu kutoka 17. Burkina Faso walikuwa na pointi 21. Wao walifanya kila linalotakiwa: waliipiga Djibouti 4-1, wakaipiga tena 6-0. Djibouti nao wakashika mkia, kwa hiyo Burkina Faso wakavuliwa pointi 6 pamoja na mabao yote yale. Pande zote mbili zikabaki na 15. Nigeria, ambao siku ya mwisho waliichapa Benin 4-0, wakapita kwa tofauti ya mabao: 7 dhidi ya 6. Sijaona kanuni nyingine ya mpira inayomlipa vizuri hivyo mtu aliyeshindwa kumfunga mnyonge.

Kongo hawakuhitaji ujanja huo. Walimaliza Kundi B na pointi 22, mbili nyuma ya Senegal, na baada ya makato wakabaki na 16. Kilichowanyima nafasi ya kwanza kinajulikana: Septemba 9, Kinshasa, waliongoza 2-0 dhidi ya Senegal wakaishia kufungwa 3-2. Saa moja ya kuzembea iliwaongezea safari ya miezi sita.

Mizani ya pili ikaletwa ya kupanga nani akutane na nani kwenye mchujo wa Afrika. Pointi zikawekwa kando, ikachukuliwa orodha ya ubora ya FIFA: wa kwanza acheze na wa nne, wa pili na wa tatu. Gabon, waliotoka kundi letu la Harambee Stars, ndio waliokuwa na pointi nyingi kuliko washindi wa pili wote, 19 baada ya makato. Lakini kwenye orodha walikuwa wa mwisho kati ya wanne, wakatupwa kwa Nigeria na kulala 4-1 baada ya muda wa nyongeza. Kongo, wa tatu kwa ubora, wakapewa Kameruni.

Yaliyotokea Rabat, ulikochezwa mchujo huo wa Afrika, yanastahili kutazamwa polepole, kwa sababu yanatuambia kule Guadalajara, Meksiko, kwenye mchujo wa mabara, tutaona timu ya namna gani. Novemba 13, Kongo waliisubiri Kameruni hadi dakika ya 91, ndipo kona ikamkuta nahodha Chancel Mbemba, akafunga. Siku tatu baadaye, kwenye fainali, Nigeria walitangulia mapema kupitia Frank Onyeka. Kongo hawakupaparika. Meschack Elia akasawazisha kabla ya mapumziko, na kuanzia hapo mechi ikageuka kuwa ya kuvutana hadi mwisho wa dakika 120. Zilipokaribia kuisha, kocha Sébastien Desabre alimtoa kipa Lionel Mpasi na kumwingiza Timothy Fayulu kwa ajili ya penalti. Fayulu akaokoa, Mbemba akapiga ya mwisho, 4-3. Jumla yake ni dakika 210 dhidi ya vigogo wawili wa bara na bao moja tu la kufungwa.

Desabre si mgeni kwetu. Ndiye aliyeifikisha Uganda hatua ya 16 bora katika AFCON ya 2019. Timu zake hazina haraka ya kukupendeza. Zinaziba katikati, zinakuachia pembeni, halafu zinangoja mpira uliokufa. Nyuma ana Mbemba, Aaron Wan-Bissaka na Axel Tuanzebe, huyu wa mwisho akiwa mzaliwa wa Bunia, kule Ituri ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. (Hapa kisiwani watu hupenda kukumbusha kwamba Agosti tuliwafunga Kongo 1-0 Kasarani kwenye CHAN, bao la Austin Odhiambo. Kweli, lakini CHAN ni ya wanaocheza ligi za nyumbani. Safu hii ya nyuma haikuwepo.)

Sasa turudi kwenye "au". Mchujo wa mabara una timu 6: moja moja kutoka Afrika, Asia, Amerika Kusini na Oceania, na mbili kutoka ukanda wa Concacaf. Mizani ya tatu ni orodha ya FIFA tena, safari hii ya Novemba. Wawili wa juu, Kongo nafasi ya 56 na Iraki ya 58, wakaruka nusu fainali na kuwekwa wakisubiri fainali mbili tofauti. Waliobaki ni Jamaica nafasi ya 70, Bolivia 76, Suriname 123 na New Caledonia 149. Sheria ikaongeza kizuizi kimoja: Jamaica na Suriname, kwa kuwa wote ni wa Concacaf, wasikutane nusu fainali.

Kizuizi hicho kinapunguza sana kinachoweza kutoka kwenye chungu. Jamaica lazima acheze na Bolivia au New Caledonia, na Suriname amchukue atakayebaki. Kwa hiyo Kongo walikuwa na njia nne tu. Nyepesi kuliko zote ilikuwa ya Suriname na New Caledonia. Nzito kuliko zote, Jamaica na Bolivia. Kati ya hizo mbili kulikuwa na Bolivia na Suriname, na hii waliyopewa, Jamaica na New Caledonia. Mimi hii ningeiweka ya pili kwa wepesi, kwa sababu inakuacha na mpinzani mmoja tu wa kweli wa kujiandalia. Kuandaa mipango miwili iliyo sawa kwa mechi moja ni kazi ya kuumiza kichwa.

New Caledonia wasidharauliwe, ila tuseme ukweli. Ni visiwa vilivyo chini ya Ufaransa, alikozaliwa Christian Karembeu, bingwa wa dunia wa 1998 akiwa na jezi ya Ufaransa. Walifika hapa kwa kuifunga Tahiti 3-0 na kisha kufungwa 3-0 na New Zealand kwenye fainali ya Oceania mwezi Machi 2025.

Jamaica ndio wa kutazamwa. Novemba 18, Kingston, walihitaji ushindi mmoja dhidi ya Curaçao, kisiwa chenye watu wapatao 156,000. Waligonga mwamba mara tatu, wakapewa penalti mwishoni kisha ikafutwa baada ya refa kuangalia video, ikaisha 0-0. Kocha Steve McClaren alijiuzulu usiku uleule. Wengi wanasema Jamaica walikosa bahati. Lakini Oktoba, ugenini, Curaçao hao hao waliwafunga 2-0. Ni dakika 180 bila bao dhidi ya timu moja. Wana mbio pembeni na wachezaji wengi waliokulia Uingereza. Wasichokuwa nacho ni subira ya kuifungua timu iliyokaa nyuma. Na kukaa nyuma ndiyo fani ya Desabre.

Kinachonitia wasiwasi ni kitu kingine. Nusu fainali ya njia hii ni Machi 26 na fainali Machi 31, 2026, zote Guadalajara. Atakayemkuta Kongo atakuwa ameshacheza kwenye nyasi zilezile na hewa ileile siku tano kabla, huku Kongo wakiingia baridi, bila mechi ya ushindani ya kuwapasha. Mji ule uko takribani mita 1,560 juu ya bahari, si mbali na kimo cha Nairobi, na Kinshasa iko bondeni. Ningekuwa Desabre ningeomba kambi mapema milimani. Faida ya kuruka raundi ni nzuri kwa miguu iliyochoka, lakini Machi miguu ya wachezaji wa Ulaya inachoshwa na klabu, si na timu ya taifa.

Atakayeshinda anaingia Kundi K la Kombe la Dunia pamoja na Ureno, Kolombia na Uzbekistani. Kwa Kongo itakuwa mara ya kwanza tangu 1974, walipoitwa Zaire na kufungwa mechi zote tatu, moja ikiwa 9-0 na Yugoslavia. Lakini hayo ni ya Juni.

Guadalajara iko nyuma yetu kwa saa tisa, kwa hiyo mechi ya alasiri kule ni usiku wa manane hapa. Nimeangalia kalenda. Machi 31 mwezi utakuwa umebakiza kama siku moja ujae, na mwezi ukiwaka omena hawafuati taa. Mitumbwi italala ufukweni. Nimeshamwambia mwenye banda la Sena aweke akiba ya mafuta ya jenereta.