"Mpira wa Kuvu": Istilahi Isiyofaa

Katika rasimu za tafsiri tulizoletewa kuhakikiwa imo makala juu ya viumbe wa maziwani, iliyokusudiwa walimu na maofisa wa uvuvi. Sarufi yake haina kasoro kubwa, na mfasiri ameonyesha bidii. Hata hivyo, pale anapoliita tufe la Aegagropila linnaei "mpira wa kuvu", hapana budi tumpinge.

Aegagropila ni jenasi adimu ya mwani wa kijani inayoishi katika maziwa ya Ulaya na Japani. Huota kwa namna tatu: nyuzi zilizoshika mawe, nyuzi zilizosongamana kama mkeka, na matufe. Tufe hilo halina jiwe wala kokwa ndani yake. Ni nyuzi zenye matawi zinazotoka katikati kuelekea pande zote, nalo huviringishwa na mawimbi hata likawa duara. Kipenyo chake huongezeka kwa milimita 5 hivi kwa mwaka. Katika Ziwa Akan, kisiwani Hokkaido, mengine hufikia sentimita 20 hadi 30. Lina klorofili, na hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kuvu haina klorofili, nayo hutegemea chakula kilichotengenezwa na viumbe wengine. Basi istilahi ya mfasiri inakihamisha kiumbe hiki kutoka kundi moja kwenda jingine kabisa.

Chanzo cha kosa ni jina la kibiashara la Kiingereza, ambalo hukifananisha kiumbe hiki na vimea laini viotavyo juu ya mawe yenye unyevu. Jina hilo nalo si sahihi, na mfasiri amelizidishia upotofu. Wengine walitoa majina baada ya kukitazama kitu chenyewe. Mwaka 1898 mtaalamu wa mimea Kawakami alikiita marimo, yaani tufe la mwani, kwa Kijapani. Jina la jenasi, lililotolewa na Kützing mwaka 1843, linatokana na madonge ya nywele yapatikanayo katika tumbo la mbuzi mwitu. Wavuvi wa Iceland, kwa kuchoshwa na uchafu unaonasa nyavuni, walikiita uchafu wa mviringo.

Kuna watakaosema kwamba mwani ni wa baharini, kama ule unaolimwa Zanzibar. Hoja hiyo ina uzito, lakini kupanua maana ya neno lililokwisha kuzoeleka ni njia halali ya kuunda istilahi. Kuongeza "wa maji baridi" kunatosha kutofautisha. Hata hivyo, kwa kuwa maziwa haya pia yana baridi, fasili ieleze wazi kwamba ni maji yasiyo ya chumvi. Neno "mpira" nalo tunaliacha, kwani "mpira wa mwani" waweza kudhaniwa kuwa mpira uliotengenezwa kwa mwani.

Jambo hili si la kupamba lugha tu. Mwaka 2021, huko Marekani, kome wavamizi wenye mistari waligunduliwa ndani ya matufe haya yaliyouzwa madukani kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, na wanunuzi wakaagizwa kuyaharibu. Ofisa wa forodha anayepewa waraka wenye neno "kuvu" atatafuta kuvu, na tufe la kijani litapita mbele ya macho yake. Mwalimu naye atawafundisha wanafunzi kwamba kuvu hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula.

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Mwani wa kijani wa maji baridi: kundi zima la viumbe hawa.
2. Tufe la mwani (wingi: matufe ya mwani): umbo la mviringo la Aegagropila linnaei.
3. Jina la kisayansi libaki lilivyo, bila kutafsiriwa.

Tunawaomba wafasiri, kabla ya kufungua kamusi, waulize kwanza kitu chenyewe ni nini. Wasomaji wenye maneno bora zaidi, hasa wakazi wa kandokando ya maziwa yetu, wanakaribishwa kutuandikia.