Chanjo ya Mbwa Inapokaa Kijijini

Ukimuuliza mtu gharama ya kumchanja mbwa dhidi ya kichaa, atakutajia bei ya sindano. Hiyo ndiyo sehemu ndogo ya hesabu. Fedha nyingi huishia barabarani: gari, mafuta, posho za timu, barafu, na haraka ya kumaliza vijiji kabla barafu haijayeyuka. Kwa sababu hiyo kijiji kilicho mbali na makao makuu ya wilaya humwona daktari wa mifugo mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine hakimwoni kabisa.

Kizuizi kilikuwa joto. Chanjo hutakiwa kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na pasipo umeme wa uhakika lazima irudi mjini jioni ileile. Mtafiti Felix Lankester na wenzake walipima jambo hilo kwa mbwa wa Tanzania. Mwaka 2016 walionyesha kwamba chanjo ya Nobivac Rabies iliyokaa miezi 6 kwenye nyuzi 25, au miezi 3 kwenye nyuzi 30, iliwapa mbwa kinga isiyopungua ile ya chanjo iliyotoka kwenye friji. Matokeo hayo ni ya chanjo hiyo na vipimo hivyo tu. Imetengenezwa kwa virusi vilivyouawa, ilhali chanjo ya parvo, ugonjwa mwingine wa mbwa, hubeba virusi hai vilivyodhoofishwa, na matokeo hayo hayaihusu. Daktari wa mtaani kwako akikutolea chanjo ya parvo kwenye mkoba usio na barafu, ikatae.

Bado nyuzi 30 si kitu cha kubahatisha, maana vijiji vingi huzipita mchana. Hapo ndipo mtafiti Ahmed Lugelo na wenzake walipokigeukia chungu. Mwaka 2020 walieleza chombo cha udongo kinachotengenezwa kwa vifaa vya hapahapa, kwa kanuni ya mtungi wa maji: maji hupenya udongo, hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto. Hakihitaji umeme wala mafuta, bali mtu wa kukumbuka kuongeza maji.

Kwangu mimi, faida kubwa kuliko zote ni kwa watoto wa mbwa. Kampeni ya mara moja kwa mwaka huwachanja waliopo siku hiyo. Wanaozaliwa wiki inayofuata husubiri mwaka mzima, na kwa kuwa mbwa wa vijijini hufa na kuzaliwa kwa kasi, kinga ya kijiji hushuka mwezi hadi mwezi. Shabaha inayotumika duniani ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa, ili hata kinga ikishuka kati ya kampeni mbili, ugonjwa usipate nafasi ya kuenea. Chanjo ikikaa kijijini chini ya uangalizi wa afisa mifugo, mbwa aliyezaliwa Machi hasubiri kampeni ya Desemba. Mpango wa namna hii ulijaribiwa mkoani Mara, na naona ndio unaofaa kuigwa, mradi afisa huyo apewe muda, kumbukumbu za maandishi na chanjo zisizokatika.

Kwa kaya, hesabu inaanza pale mbwa asiyechanjwa anapouma. Mtu akiumwa na mbwa anayeshukiwa, huhitaji sindano kadhaa kwa siku tofauti, na nauli ya hospitali kila safari. Dalili zikishaanza, ugonjwa huua karibu kila aliyeupata. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje.

Basi muulize afisa mifugo wa kata yako mambo matatu: chanjo inakuja lini, inatunzwa wapi, na kadi ya mbwa wako imeandikwa tarehe gani ya kurudia. Jibu likiwa ni kusubiri kampeni ijayo, lipelekeni suala hilo kwenye mkutano wa kijiji na mmtake diwani alifikishe halmashauri kabla bajeti haijapitishwa.