Mibonyezo Minne

Kwenye faili la mgonjwa wa pumu aliyelazwa ICU utakuta maandishi mafupi: salbutamol, mibonyezo 4, kila baada ya saa kadhaa. Wauguzi wawili wanaweza kuandika hivyo hivyo, na mgonjwa wa mmoja akapata dawa huku wa mwingine akiambulia patupu. Ustadi ninaotaka kuusifu haumo kwenye faili.

Mgonjwa anayepumuliwa na mashine huwezi kumwambia avute pumzi na kuishikilia. Amelazwa kwa dawa ya usingizi, mpira umepita kinywani hadi kwenye koromeo la hewa, na pumzi inasukumwa na mashine. Dawa ya inhela inapaswa kupita humo humo, na njia yote imejaa vizuizi. Chembe zinazofaa kufika ndani ya mapafu zina ukubwa wa maikroni 1 hadi 5. Kubwa zaidi hugonga kuta za mpira na kubaki hapo. Hewa ya mashine hupashwa joto na kutiwa unyevu ili makohozi yasikauke, lakini unyevu uo huo huzivimbisha chembe na kuzinasa njiani. Mwaka 1985 Neil MacIntyre na wenzake huko Marekani walipima dawa ya nebulaiza, kifaa kinachoigeuza dawa kuwa ukungu, iliyofika mapafuni: asilimia 2.9 kwa waliowekewa mpira, dhidi ya 11.9 kwa waliokuwa wakipumua wenyewe.

Namba kama hizo zingeweza kukatisha tamaa. Lakini miaka ya 1990 watafiti Rajiv Dhand na Martin Tobin walionyesha, kwa wagonjwa wa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, kwamba mibonyezo 4 ya inhela inatosha kuzifungua njia hizo, mradi itolewe ipasavyo. Kuongeza mingine hakukuleta faida ya maana.

"Ipasavyo" ndiyo kazi yenyewe. Mtazame muuguzi aliyeiva. Kwanza anafyonza makohozi. Kisha anakiondoa kichujio kidogo cha kutunza unyevu kilicho karibu na kinywa cha mgonjwa, kwa sababu kikibaki kitaimeza sehemu kubwa ya dawa. Chemba ya inhela anaiweka kwenye mpira unaoleta hewa, karibu na kiungo chenye umbo la Y, ili wingu la dawa lipate nafasi ya kupungua kasi kabla ya kuingia. Analitikisa kopo. Halafu macho yanahamia kwenye skrini, kidole gumba kikiwa tayari, na anaiacha pumzi moja ipite, pengine mbili, mpaka aushike mwendo wa mashine kama mpiga ngoma anayesubiri zamu yake. Mashine inapoanza tu kusukuma, anabonyeza. Akikosea kwa sekunde moja na nusu, dawa inayofika hupungua sana. Anasubiri sekunde 15 au zaidi, anatikisa tena, anabonyeza tena. Zamu ikiwa imeelemewa, hizo sekunde ndizo za kwanza kuibwa.

Baadaye anaiamuru mashine isimamishe hewa kidogo mwishoni mwa pumzi, asome mashinikizo mawili: lile la juu kabisa, na lile linalobaki hewa ikitulia. Tuseme kabla ya dawa yalikuwa 42 na 22 kwa sentimita za maji. Sasa la juu limeshuka hadi 34 na la pili halikusogea. Pengo limepungua kutoka 20 hadi 12, maana yake njia za hewa zimelegea. Anaangalia pia kama hewa inamalizika kutoka kabla pumzi nyingine haijaingia, kwa kuwa hewa iliyonaswa ndani ya mapafu ya mgonjwa wa pumu huinyima pumzi mpya nafasi.

Kichujio anakirudisha mara moja, kabla hata ya kushika kalamu. Kikisahaulika, makohozi hukauka na kuuziba mpira. Kisha anaandika mibonyezo 4, na pembeni anaongeza yale mashinikizo ya kabla na ya baada, ili wa zamu ya usiku ajue aanzie wapi.